Tarehe Zilizokubalika Ndizo Zilizokuwa Mbovu

Kila lugha ya programu ina namna yake ya kukujibu ukiiuliza kama maandishi fulani ni tarehe, na nyingi hujibu upesi: ndiyo, au hapana. Nimeishi na majibu hayo kwa miaka katika kazi za hapa Kisumu, kuanzia rejista za vyama vya akiba hadi hesabu za wauzaji wa jumla, na kwa kazi hizo yalitosha. Kazi iliyonionyesha kwamba swali hilo moja ni maswali kadhaa yaliyobebana ni rejista ya chanjo za watoto ya kliniki moja ya binafsi, nje ya mji, upande wa kuelekea Ahero.

Walichotaka hakikuwa kigumu. Walikuwa na faili la Excel lenye majina ya watoto, namba za simu za mama zao, tarehe za kuzaliwa na tarehe za chanjo. Walitaka mfumo utakaolisoma faili hilo na kuwatumia akina mama ujumbe mfupi siku chache kabla ya siku ya kurudi kliniki. Mzazi wa Kenya anaijua ratiba: BCG ya kifua kikuu mtoto akizaliwa, pentavalenti ya magonjwa matano akiwa na wiki 6, 10 na 14, surua na rubela akiwa na miezi 9 na tena akiwa na miezi 18. Huku kwetu kando ya ziwa, ambako malaria haina msimu wa kupumzika, kuna pia chanjo ya malaria iliyoanza kutolewa Septemba 2019 katika kaunti za magharibi: miezi 6, 7 na 9, na ya mwisho baadaye. Hesabu zote hizo huanzia mahali pamoja, tarehe ya kuzaliwa. Hiyo ikiwa mbaya, kila ujumbe utakaotoka utakuwa mbaya, na mama atauamini kwa sababu umetoka kliniki.

Nilipolifungua faili, kitu cha kwanza kuonekana kilikuwa jinsi safuwima ya tarehe ilivyokaa. Tarehe nyingine zilikuwa zimeegemea kushoto mwa kisanduku, nyingine kulia. Anayefanya kazi na Excel anajua maana yake. Kilichoegemea kulia ni tarehe kwelikweli, yaani ndani yake mna namba ambayo kompyuta inaweza kuitumia kuhesabu siku. Kilichoegemea kushoto ni maandishi tu, na kwa Excel hakina tofauti na jina la mtu. Karani alikuwa amekwisha kuliona hilo.

"Hizo za kushoto ndizo zinatusumbua," aliniambia. "Zingine ziko sawa. Nisaidie na hizo za kushoto tu."

Nikaandika programu fupi ya Python ya kutenganisha kilicho tarehe na kisicho tarehe, na matokeo yakakubaliana naye: za kulia zilipita zote, za kushoto zikakataliwa zote. Lakini nilipozitazama zile zilizokataliwa, sikuona ubaya wake. 18/04/2023. 20/10/2023. 31/07/2023. 25/12/2022. Mtu yeyote wa hapa angezisoma bila kusita. Kama hizo ndizo mbovu, basi ubovu wake hauko kwenye tarehe.

Nikamwomba Sista anitolee kitabu cha rejista, kile kikubwa cha karatasi ambacho wauguzi hujaza kwa mkono kabla ya kitu chochote kuingia kwenye kompyuta. Tukaketi mezani kwake, mimi nikisoma skrini, yeye akifuata kitabuni kwa kidole. Za kushoto zililingana na kitabu moja baada ya nyingine. Tukafika kwenye za kulia.

"Huyu amezaliwa tarehe tatu mwezi wa saba," nikasema.

"Hapana. Hapa ni tarehe saba mwezi wa tatu."

"Na huyu wa chini yake, tarehe moja mwezi wa tisa?"

"Tarehe tisa, mwezi wa kwanza." Akaniangalia. "Kwani nani amezigeuza?"

Hakuna mtu aliyezigeuza. Kompyuta ya mapokezi ilikuwa imekuja na mipangilio ya Marekani, ambako mwezi huandikwa kabla ya siku, na haikubadilishwa. Karani akiandika 07/03/2023, Excel huielewa kuwa tarehe 3 Julai, kisha kwenye skrini humwonyesha 7/3/2023, tarakimu zile zile alizoandika. Hana cha kumshtua. Akiandika 18/04/2023, Excel hutafuta mwezi wa 18, haiupati, na badala ya kusema lolote huiacha kama maandishi, kushoto. Karani aliandika kama tunavyoandika sisi sote. Mpaka faili lile lifunguliwe kwenye laptopu yenye mipangilio ya huku kwetu, au mtu aiambie Excel iandike mwezi kwa jina, huwezi kuiona Julai iliyojificha ndani ya Machi.

Kwa hiyo mkaguzi wa tarehe, akifanya kazi yake vizuri kabisa, alikuwa amekataa tarehe za kweli na kuzipitisha zilizoharibika.

Nilikaa na hesabu yake jioni hiyo kwa sababu nilitaka kujua ukubwa wa balaa. Mwaka wa kawaida una siku 365. Tarehe inayoweza kusomeka pande zote mbili ni ile ambayo siku yake haizidi 12, nazo ni 12 kwa kila mwezi, jumla 144. Kati ya hizo, 12 zinabaki zilivyo hata ukizigeuza: 01/01, 02/02, hadi 12/12. Zinabaki 132 zinazogeuka kimyakimya na kuwa siku nyingine ya mwaka. Zile 221 nyingine haziwezi kugeuka, kwa hiyo zinakataliwa, na katika kukataliwa zinaokoka. Zaidi ya thuluthi moja ya watoto, kama wanazaliwa sawasawa mwaka mzima, wangepewa siku ya kuzaliwa ambayo si yao.

Unaweza kuijaribu kompyuta yoyote kwa sikukuu zetu. Andika 12/12/1963, siku ya uhuru, nayo itatoka salama hata kama mipangilio ni ya Marekani. Andika 20/10/2023, Mashujaa, itakataliwa. Andika 01/06/1963, Madaraka ya kwanza, nayo itapokelewa vizuri na kuwekwa tarehe 6 Januari. Ningependa kila anayefunga mfumo wa kumbukumbu katika ofisi yoyote ya huku aanze na hizo tatu kabla ya kuandika mstari wa kwanza. Hazichukui dakika.

Kuna alama moja ya kuutambua ugonjwa huu ambayo tangu siku hiyo huitafuta kabla ya nyingine zote. Tarehe ikigeuzwa, kinachokaa mahali pa siku ni namba ya mwezi, na miezi ni 12. Basi ukichukua tarehe zote ambazo kompyuta inazikubali na ukakuta hakuna hata moja yenye siku ya 13 kwenda mbele, usiziamini. Watoto hawazaliwi katika siku 12 za kwanza za mwezi peke yake. Faili lile lilikuwa na kurasa nyingi, kila mwezi ukurasa wake. Kurasa zilizoandikwa mapokezi hazikuwa na siku yoyote iliyozidi 12. Zilizoandikwa kwenye laptopu ya Sista zilikuwa na siku zote, mpaka 31. Hivyo ndivyo tulivyozitenganisha bila kulifungua kila jina.

Njia ya pili ya kuutambua ilikuwa ndani ya mstari wa mtoto mwenyewe. Mtoto yule wa kwanza, aliyezaliwa 7 Machi 2023, kwenye faili alikuwa amezaliwa 3 Julai. BCG alipata siku iliyofuata, 8 Machi, ambayo kwenye faili ilikuwa imekuwa 3 Agosti. Pentavalenti ya kwanza alipata wiki 6 kamili baada ya kuzaliwa, siku 42, tarehe 18 Aprili. Hiyo haikuweza kugeuka kwa sababu hakuna mwezi wa 18. Ukizisoma tarehe hizo tatu pamoja kama zilivyokuwa kwenye faili, unapata mtoto aliyechanjwa mwezi wa nne, akazaliwa mwezi wa saba, akapata BCG mwezi wa nane. Kila moja peke yake ilikuwa tarehe halali isiyo na dosari. Zikiwa pamoja, zinashitakiana.

Na madhara yake? Chanjo ya kwanza ya malaria ya mtoto huyo ilipaswa kuwa 7 Septemba 2023. Mfumo ungemwambia mama yake arudi 3 Januari 2024. Ya surua ingetoka 7 Desemba ikaenda 3 Aprili. Miezi minne karibu, katika umri ambao malaria huua watoto huku ziwani kuliko umri mwingine wowote. Mama mwenye kitabu chake cha kliniki angeweza kuona tarehe aliyoandikiwa na muuguzi. Lakini ukishamzoeza mtu kungoja ujumbe kwenye simu, atangoja ujumbe.

Sasa nizungumze na wenzangu wanaoandika programu, maana hapa ndipo nina la kusema zaidi.

Zana nyingi tunazozitegemea hazikagui tarehe. Zinakisia. Ukiiambia JavaScript itengeneze tarehe kutoka mwaka 2023, mwezi wa pili na siku ya 30, haikatai. Inakupa 2 Machi 2023, ikizihamishia siku mbili zilizozidi kwenye mwezi unaofuata. Ukikagua baadaye kwa isNaN, amri ya kuuliza kama thamani si namba, kama wengi tunavyofundishwa, utaambiwa ni tarehe halali, na ni kweli ni halali, ila si ile iliyoandikwa. Amri ya strtotime ya PHP huamua mpangilio kwa alama iliyo katikati: ukitumia mkwaju, 07/03/2023, inaisoma Kimarekani, mwezi kwanza, ukitumia kistari, 07-03-2023, inaisoma siku kwanza. Karani mmoja anayependa mkwaju na mwingine anayependa kistari watajaza fomu moja kwa uaminifu ule ule, na kanzidata itapata siku mbili tofauti. Katika Java, SimpleDateFormat ya zamani hukubali hata siku isiyo kwenye kalenda isipokuwa uizime tabia hiyo kwa setLenient. Ile ya kisasa iliyokuja na Java 8 mwaka 2014 ni bora sana, ila hata yenyewe, usipoiambia iwe STRICT, yaani kali, ukiipa 31/02/2023 katika mpangilio wa siku, mwezi, mwaka itakurudishia 28 Februari.

Mimi nimeipenda Python kwa jambo moja: strptime hukulazimisha utaje mpangilio. Ukisema siku, mwezi, mwaka, kisha ukaipa 30/02/2023, inakataa waziwazi na kukuambia siku haimo katika mwezi huo. Lakini Python hiyo hiyo ina maktaba, yaani kodi iliyokwisha kuandikwa na wengine, iitwayo dateutil, inayosoma tarehe ya mtindo wowote, na watu huikimbilia kwa urahisi wake. Usipoipa agizo lolote, 13/02/2023 itaisoma kuwa 13 Februari kwa kuwa hakuna njia nyingine, na 12/02/2023 itaisoma kuwa 2 Desemba. Safuwima moja, mwandishi mmoja, mstari mmoja juu ya mwingine, na mpangilio umebadilika katikati bila neno. Kwangu hilo ni kosa zito kuliko kukataa kila kitu. Programu inayokataa inakuletea kazi asubuhi hiyo hiyo. Inayokisia inakuwekea mtoto asiye na chanjo miezi minne mbele.

Wengine hukagua kwa ruwaza ya tarakimu: mbili, mkwaju, mbili, mkwaju, nne. Hiyo inakagua umbo tu. 45/19/2023 ina umbo zuri. Unaweza kuinoa ruwaza mpaka ikatae siku ya 45 na mwezi wa 19, na ukaendelea kuinoa ijue Aprili ina siku 30, lakini ukifika Februari utachoka, kwa sababu mwaka mrefu, wenye siku 366, si kila mwaka wa nne tu. Mwaka unaogawanyika kwa 100 si mrefu, isipokuwa ugawanyike kwa 400. Kwa hiyo 2000 ulikuwa mrefu, 1900 haukuwa, na 2100 hautakuwa. Excel yenyewe mpaka leo inaamini kulikuwa na 29 Februari 1900, urithi wa makusudi kutoka kwa Lotus 1-2-3, programu ya zamani ya mahesabu, ili mafaili ya wakati ule yalingane. Kalenda ina historia ndefu, na ni busara kuiachia maktaba iliyoandikwa na watu waliokaa nayo. Wewe kazi yako ni kuipa mpangilio na kuinyima ruhusa ya kukisia.

Pale ambapo zana yako haina hali kali, kuna jaribio ambalo nimelifanya desturi. Soma maandishi yawe tarehe, kisha iandike tarehe hiyo upya kwa mpangilio ule ule, halafu linganisha na maandishi ya mwanzo, tarakimu kwa tarakimu. 30/02/2023 itaenda na kurudi ikiwa 02/03/2023, na hapo utaikamata. Inabidi kwanza uwe umeongeza sifuri kwa aliyeandika 7/3/2023, la sivyo utamkatalia mtu mwenye haki. Wenzetu wa PHP wanaitumia sana njia hii pamoja na createFromFormat, na inafaa. Ila nataka niseme wazi mpaka wake ulipo: haiwezi kukamata ugonjwa wa kliniki ile. 07/03 ukiisoma mwezi kwanza na ukaiandika mwezi kwanza itarudi 07/03, sawasawa kabisa. Jaribio hilo linathibitisha kwamba siku hiyo imo kwenye kalenda. Halijui mwandishi alikusudia nini, na hakuna amri ya lugha yoyote inayoweza kujua. Hilo linatoka kwa mtu, au kwa tarehe nyingine iliyo karibu.

Ndiyo maana ukaguzi tulioujenga baadaye una tabaka zaidi ya moja, na tabaka za juu hazihusu kalenda hata kidogo. Tarehe ya kuzaliwa isiwe kesho. Chanjo isitangulie kuzaliwa. Pentavalenti ya kwanza isiwe kabla ya wiki 6. Mwaka usiwe 0023 wala 2032. Haya mfumo hauyakatai. Unaonya, na kumwachia muuguzi aamue. Nilisisitiza hilo kwa sababu kliniki hukutana na mambo ambayo mimi nikiwa mezani kwangu siwezi kuyatabiri, na muuguzi aliyezuiwa kuandika ukweli ataandika chochote kitakachomfungulia ukurasa.

Kuhusu saa, nitasema kwa ufupi, ingawa imewatoa jasho wengi hapa Afrika Mashariki. Tarehe ya kuzaliwa haina saa, lakini Date, zana ya tarehe iliyozoeleka ya JavaScript, haijui tarehe isiyo na saa. Ukiipa 7 Machi saa sita usiku kwa saa za Kisumu, kisha ukaiandika kwa toISOString, utapata 6 Machi, kwa kuwa sisi tuko saa tatu mbele ya UTC, saa ya kimataifa, na huko bado ni saa tatu usiku wa siku iliyotangulia. Mtoto amerudi nyuma siku moja, na kila akifunguliwa na kuhifadhiwa tena kwa njia hiyo anaweza kurudi nyingine. Aliye London akijaribu kwa tarehe za majira ya baridi hataiona kasoro hii, kwa kuwa saa zake za majira hayo ni zile zile za UTC. Dawa yake ni kuhifadhi tarehe kama tarehe tupu kwenye kanzidata, na kuisafirisha kama maandishi ya mwaka, mwezi, siku, 2023-03-07, kama kiwango cha kimataifa cha ISO 8601 kinavyoagiza, bila kuigeuza njiani.

Jambo lililonigusa kuliko yote halikuwa la watoto. Kliniki hiyo ina siku ya presha na sukari, na wanaokuja siku hiyo ni wazee. Rejista yao ilikuwa safi kupita kiasi. Mzee baada ya mzee alikuwa amezaliwa 1 Januari. Wengi wao walizaliwa nyumbani wakati ambapo hakuna aliyeandika, na walipokwenda kuchukua kitambulisho waliulizwa mwaka, karani akajaza siku na mwezi. Kuna mama mmoja aliyenieleza kwa uhakika mkubwa kwamba alizaliwa mwaka wa yale mafuriko makubwa ya kuelekea Uhuru, ziwa lilipopanda likameza mashamba, na kwamba ilikuwa mvua ikinyesha. Mafuriko hayo yanajulikana, ni ya 1961, na mvua zake kubwa zilikuwa za mwisho wa mwaka. Kwa hiyo maneno yake yalikuwa na ukweli mwingi kuliko kitambulisho chake. Kompyuta ilikuwa imekubali 01/01/1961 bila swali, na yeye alikuwa na mwaka na msimu ambao kisanduku chetu hakikuwa na mahali pa kuuweka.

Mfumo unaodai siku kamili kutoka kwa mtu asiyeijua unamlazimisha aseme uongo, kisha unausifu uongo huo kuwa ni halali. Tukaongeza kisanduku kidogo kando ya tarehe: inajulikana mpaka siku, mpaka mwezi, au mwaka tu. Mahesabu ya umri yanasoma kisanduku hicho kwanza. ISO 8601 inaruhusu kuandika 1961 peke yake, au 1961-11, nami sioni kwa nini fomu zetu zisiruhusu. Na kwa wazee hao mwaka huandikwa kwa tarakimu nne, lazima. Ujumbe wa M-Pesa huandika mwaka kwa tarakimu mbili na watu wameizoea, lakini ukiipa Python mwaka wa 61 kwa tarakimu mbili itakuambia ni 2061, kwani 00 hadi 68 inazihesabu za karne hii.

Fomu mpya haina kisanduku kimoja cha tarehe tena. Ina siku kwa tarakimu, mwezi kwa jina lake, mwaka kwa tarakimu nne. Ukimaliza, inakuandikia chini yake kwa maneno, pamoja na siku ya wiki, na karani huisoma kwa sauti kabla ya kubonyeza hifadhi. Nilikuwa nimeketi hapo siku moja karani aliposoma: "Jumatatu, tarehe 5 Februari 2024." Mama akatikisa kichwa.

"Ilikuwa Jumapili, dada. Natoka soko la Kibuye, uchungu ukanishikia njiani."

Karani akarudi kwenye kitabu, akasogeza karatasi karibu na dirisha. Ilikuwa 4, wino umefifia. Hakuna mkaguzi wa tarehe duniani ambaye angeikataa 5 Februari 2024. Mama aliikataa kwa sababu anajua alikuwa wapi.

Faili la zamani tulilirekebisha kwa sehemu kubwa. Kurasa za mapokezi tuliziweka siku na mwezi mahali pake kwa programu, kisha Sista akakagua kwa kitabu. Kila mstari una safuwima ya ziada inayohifadhi maandishi kama yalivyokuja, yasiguswe, ili atakayekuja baada yangu aone tulianza na nini. Palibaki ukurasa mmoja ulioandikwa kwa kompyuta zote mbili katika mwezi mmoja, mapokezi asubuhi na laptopu jioni, na kwa watoto kadhaa hapakuwa na chanjo nyingine ya kulinganisha. Kitabu cha mwezi huo kilikuwa kimelowa maji. Majina hayo tuliyachapisha na kuwapa wahudumu wa afya ya jamii, wanaopita nyumba kwa nyumba na wanaoweza kuomba kitabu cha kliniki cha mtoto. Ambaye kitabu chake hakijapatikana, tarehe yake iko wazi, na mfumo haumtumii mama yake ujumbe wowote. Jina lake hutokea kila Jumatatu kwenye orodha ya Sista ya watu wa kupigiwa simu.